Kuimba muziki wa vijana Zanzibar: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ya vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kuimba, pamoja na machache ya wazazi wao. Mambo ya Bara tumeyagusa pale tu yanapomhusu msanii wa huku. Ukiona jibu fupi, ujue mengine yameelezwa kwenye swali jengine, na tumekuonesha ni lipi.

## Mambo ya mwanzo

Zenji Flava ni nini hasa, na ina tofauti gani na Bongo Flava?

Ni muziki wa vijana wa Zanzibar: biti ya kompyuta, mashairi ya Kiswahili, na uimbaji uliolelewa na taarab na kasida. Jina lilishika miaka ya 2000, likijibu Bongo Flava ya Bara. Kwa vyombo huwezi kuzitenganisha, maana kompyuta ni zile zile. Utaitambua kwa lafudhi, kwa mafumbo, na kwa namna mwimbaji anavyoivuta sauti mwisho wa mstari badala ya kuikata. Kundi la Offside Trick lilimshirikisha hata Bi Kidude, mkongwe wa taarab, na msanii AT aliichukua ngoma ya mduara akaifanya muziki wa disko.

Siku hizi wengi wanaimba afropop yenye ladha ya Nigeria au amapiano ya Afrika Kusini. Si dhambi. Lakini wimbo ambao ukibadilisha maneno tu unakuwa wa Lagos una kasoro moja: wa Lagos wenyewe wapo, na studio zao ni nzuri kuliko zetu.

Lazima nihamie Dar es Salaam?

Ukitaka lebo kubwa na redio za taifa, maji utayavuka, angalau kwa safari za kwenda na kurudi. Boti ya mwendo kasi inachukua kama saa mbili, kwa hiyo si lazima uhame. Tatizo ni kwamba Dar kuna chumba cha kulipia kila mwezi na hakuna anayekujua, na huku una kwenu, una hoteli na una harusi. Wapo waliokwenda mapema mno, wakaishia kusubiri mlangoni kwa prodyuza huku sauti ikipata kutu. Kwanza jenga nyimbo na uzoefu wa jukwaa huku, halafu uvuke ukiwa na kitu mkononi.

Zuchu alitokaje? Si kwa sababu ya mama yake?

Hili linaulizwa kuliko yote. Zuchu, yaani Zuhura Othman Soud, alizaliwa Zanzibar mwaka 1993. Mama yake ni Khadija Kopa, malkia wa taarab aliyeanza kujulikana na Culture Musical Club hapa Unguja kabla ya kwenda kundi la TOT, Bara. Watu wanaishia hapo: "ana mama yake." Basi tuhesabu. Mwaka 2015 alikwenda Lagos kwenye shindano la Tecno Own the Stage, akarudi bado hajulikani. WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, ilimtambulisha Aprili 2020. Hapo katikati kuna miaka mitano, na mama yake alikuwa maarufu miaka yote hiyo.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mwaka uliofuata chaneli yake ya YouTube ilivuka wafuatiliaji milioni 1, na albamu ya kwanza ikatoka mwishoni mwa 2024. Urithi wa mama usiutafute kwenye kujuana tu. Sikiliza EP (albamu fupi) yake ya 2020, mna wimbo anaoimba na mama yake. Fuata jinsi binti anavyoliacha neno lining'inie kabla ya kulimalizia. Ile ni taarab, na hakuna lebo inayoweza kumfundisha mtu kwa mwezi mmoja.

Sijui kupiga ala yoyote. Ni lazima?

Kwa kurekodi, si lazima. Kwa kula, karibu ni lazima ujue angalau ufunguo wako na uweze kuimba na bendi (tazama "Shoo ya hoteli inakwendaje?"). Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanza 2002 katika jengo la zamani la forodha pale Mizingani, kimetoa wapigaji wengi unaowaona kwenye bendi za mjini. Wanafundisha kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), udi, fidla, ngoma, na sauti pia. Chuo kimepitia vipindi vigumu vya fedha, kwa hiyo kaulize mwenyewe kozi zilizopo kwa sasa.

Asiyemudu ada ana madrasa. Sitanii. Kijana aliyesoma kasida miaka mitatu ana pumzi na sikio ambalo wa studio hawana.

Nyumbani wanasema muziki ni haramu. Nifanyeje?

Fatwa muulize sheikh, sisi si watu wake. Tunachoweza kusema ni kwamba mzozo huu ni wa zamani. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, alipingwa na kusimangwa, na bado mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri.

Katika tuliyoyaona, mara nyingi mzazi anaogopa usiku, ulevi na kuacha skuli kuliko anavyoogopa sauti yenyewe. Mwambie unaimba wapi, na nani, unarudi saa ngapi, na usimdanganye. Mlete meneja wako au kiongozi wa bendi nyumbani akae barazani, anywe kahawa, ajulikane ni mtoto wa nani. Pale penye kukatazwa hasa, wapo wanaoandikia wengine nyimbo na hawapandi jukwaani. Mtunzi naye ana haki zake (tazama "Nijisajili wapi?").

## Studio na wimbo

Nikienda studio mara ya kwanza nijiandae vipi?

Nenda na wimbo uliokwisha. Studio nyingi zinalipisha kwa wimbo au kwa saa, na kutunga mbele ya maiki ni kuchoma fedha. Kabla ya kutoa hata shilingi uliza kama bei ni pamoja na mikisi na masta (kuzichanganya sauti na kuusafisha wimbo wa mwisho), marekebisho ni mara ngapi, na kama utapewa faili za sauti zilizotengana, yaani ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake. Hilo la mwisho vijana hawaliulizi. Bila ya faili hizo huwezi kupata toleo la kuimbia jukwaani lisilokuwa na sauti yako ndani, na ukigombana na prodyuza, wimbo umebaki kwenye kompyuta yake. Njoo na diski yako.

Biti nimeishusha YouTube, imeandikwa "bure". Naweza kuitumia?

Kwa mazoezi, ndiyo. Kwa kutoa wimbo, soma maelezo chini ya video mpaka mwisho. Mara nyingi "bure" ina maana usipate pesa kwayo. Hata ukiinunua kwa bei ndogo, kwa kawaida umeikodi tu, na wengine mia wanayo hiyo hiyo. Matokeo yake yanakuja siku wimbo unaanza kupendwa: mfumo wa YouTube unautambua kuwa wa mtu mwengine, na matangazo yanamlipa huyo. Bora biti ya kawaida ya kijana wa Mwanakwerekwe mliyeandikiana naye karatasi.

Nataka kuchukua kipande cha taarab ya zamani. Naruhusiwa?

Ngoma ya asili kama kidumbak au msewe haina mtunzi mmoja, mdundo wake ni wa wote. Wimbo wa taarab una mtunzi wa maneno, mara nyingine mtunzi mwengine wa muziki, na rekodi ina mwenyewe pia. Mtunzi akifa haki hazifi siku hiyo, warithi wapo. Vikundi vyenyewe vipo pia: Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa 1905 na bado inapiga. Nenda, bisha hodi, omba. Wazee wa taarab wanakasirishwa zaidi na kutoombwa kuliko na kukopiwa.

## Jukwaa na pesa

Msanii kijana wa Zanzibar anakula wapi?

Kwa mpangilio wa kweli, si wa ndoto: hoteli na mikahawa ya ufukweni, harusi na sherehe, matamasha na viwanja vya sikukuu, matangazo ya biashara ukiwa na jina, halafu mwisho kabisa mitandao. Wimbo unaoutoa ni kadi ya kukutambulisha, unawafanya watu wakuite. Wengi wanashangaa wimbo wao una watazamaji wengi na mfukoni hamna nauli. Hakuna cha ajabu, hawajajifunza kuimba saa mbili mfululizo, na saa mbili ndizo hoteli inazonunua.

Shoo ya hoteli inakwendaje?

Hapa ndipo riziki ilipo, tuifafanue.

Hoteli inaita bendi, nadra kumwita mwimbaji peke yake. Fedha inapokelewa na kiongozi, anatoa gari na mafuta, anagawa. Kwa hiyo kabla ya siku yenyewe ujue mgao wako ni kiasi gani na kama gari inakatwa juu au inatoka kwenye fungu lako. Usiseme "tutaelewana". Mjini mpaka Nungwi ni kama kilomita 60, na daladala ya 116 iliyokuleta mchana haipo saa sita ya usiku. Bendi isiyo na gari inalala ufukweni.

Mnafika alasiri kwa sauncheki, yaani kupima sauti. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kusi ikivuma maiki isiyovikwa sponji inapiga mluzi tu. Chumvi ya bahari inakula jeki na nyaya, fungu lako la kwanza nunua waya wako wa maiki na uufute kila ukimaliza. Wageni wanapokula mnaanza taratibu: taarab nyepesi, rumba, nyimbo zao za Kizungu, na ile ya kusema jambo ambayo utaiimba mpaka uichukie. Imba tu, na utabasamu, maana aliyetoka Italia leo hajaisikia jana. Isha ikiadhiniwa na msikiti uko karibu, muziki unasimama. Hili halihitaji kukumbushwa na meneja. Wakishakula ndipo unapoleta afrobiti na nyimbo zako mwenyewe, mbili au tatu, si saba.

Plebeki, yaani kuimba juu ya wimbo uliorekodiwa? Hoteli ndogo zinakubali. Ila ukizoea kuimba juu ya sauti yako mwenyewe, siku umeme ukikatika katikati ya wimbo watu watajua. Na jenereta likiwaka utaanzia wapi?

Kuna miezi isiyo na kazi?

Ipo, na inarudi kila mwaka. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi zinapunguza watu na nyengine zinafunga. Ramadhani muziki wa burudani unanyamaza visiwa vyote. Wengine wanaingia kasida, wengine wanaingia studio. Ramadhani inawahi kwa kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kuna miaka inaangukia msimu wa wageni na pengo linakuwa refu. Kazi inarudi kwa fujo Idi: viwanja vinawaka, kumbi zinajaa, na ukiwa na wimbo mmoja unaochezwa utaitwa mara mbili kwa usiku mmoja. Julai hadi Oktoba, na Disemba hadi Februari, ndiyo miezi ya kuweka akiba.

Harusini analipa nani, na kutunzwa ni kwa nani?

Anayekualika analipa ada, nusu uichukue kabla. Kutunzwa ni jambo jengine: mtu anasimama, anacheza mpaka mbele yako, anakuwekea noti mkononi au kwenye paji la uso. Kwenye vikundi vya taarab kila kundi lina utaratibu wake, kwengine tunzo ni la mwimbaji, kwengine linaingia fungu moja. Ulizeni kabla. Bendi nyingi zimevunjika kwa noti za tunzo kuliko kwa ugomvi wa nyimbo.

Sherehe za wanawake watupu zina sharti lao: simu hazipigi picha, na wewe msanii hurushi kipande mtandaoni hata kama umeimba vizuri kuliko siku zote. Ukivunja hilo, mtaa mzima hukuiti tena.

YouTube inalipa kweli?

Inalipa, polepole. Ili chaneli iingie kwenye mgao wa matangazo inahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100.

Kuna kizuizi kinachowakwamisha watu wa huku. Ukifikisha dola 10, Google inatuma barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anuani. Ukiandika "Mtaa wa Kwahani, nyumba ya karibu na msikiti", barua haifiki maisha. Tumia sanduku la posta, hata la mjomba au la skuli, na mwambie mwenye sanduku asitupe bahasha nyeupe isiyo na jina analolijua.

Kwa Boomplay, Audiomack, Spotify na wenzao unapitia msambazaji wa mtandaoni, anayeziingiza nyimbo huko. Jisajili mwenyewe, kwa barua pepe yako. Wimbo ulioingizwa kwa akaunti ya rafiki ni wa rafiki mpaka mpatane.

Nawezaje kuimba Sauti za Busara?

Tamasha linafanyika kila Februari tangu 2004, isipokuwa 2016, na kwa miaka mingi jukwaa lake kubwa limekuwa Ngome Kongwe. Sharti lake ndilo linalowaangusha wengi: kila kitu kinapigwa moja kwa moja, plebeki haipandi. Maombi yanafungwa miezi mingi kabla, na wanataka kuona video ya shoo yako halisi. Klipu yenye magari ya kukodi haiwasaidii. Rekodi seti moja ya dakika 20 na bendi, kwa kamera isiyotikisika na sauti safi. Video hiyo hiyo itakupatia na hoteli.

## Vibali, haki na mikataba

Nijisajili wapi: BASSFU, BASATA, COSOZA au COSOTA?

Ukiwa Zanzibar, mbili za kwanza kwako ni BASSFU na COSOZA. BASSFU ni Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni: linasajili wasanii, linatoa vibali vya maonesho, na ndilo linalokuita ukivuka mipaka ya maadili. COSOZA inasimamia hakimiliki, unasajili kazi zako huko, nayo inakusanya mirabaha kwa wanaotumia muziki na kugawa. BASATA na COSOTA ni za Bara. Hakimiliki si jambo la Muungano, ndiyo maana taasisi ni mbili na sheria ni mbili. Ya kwetu ni ya mwaka 2003.

Sajili wimbo kabla ya kuutoa, na andika majina yote: aliyetunga maneno, aliyetengeneza biti, aliyeimba kiitikio. Wimbo ukishapendwa, kila aliyekuwepo studio siku ile anakumbuka kuwa alitunga.

Baraza linaweza kunifungia?

Linaweza, na haliangalii ukubwa wa jina. Machi 2024 BASSFU ilimfungia Zuchu kufanya shughuli za sanaa Zanzibar kwa miezi sita kufuatia shoo yake ya Kendwa, kwa maneno na vitendo vilivyoonekana kukiuka maadili. Naye akaomba radhi. Kinachopita ukumbini Dar si lazima kipite huku, hata kama waliohudhuria ni wageni watupu na bahari iko mbele yao. Simu zipo, na kipande cha sekunde 15 kinafika mjini kabla hujashuka jukwaani.

Nimeletewa mkataba wa lebo. Nisaini?

Si siku hiyo. Upeleke kwa wakili, na kama huna, kwa mtu yeyote unayemwamini anayesoma lugha ulioandikwa nayo bila ya kubahatisha. Tafuta mambo manne: ni miaka mingapi au nyimbo ngapi, nani anamiliki rekodi, asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama, na unatokaje. Hilo la kutoka ndilo ghali. Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 alisema hadharani kuwa alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Yeye alikuwa ameshakuwa na jina na mali ya kuuza, wewe utauza nini?

## Mambo ya pembeni

Niko Pemba. Nianzie wapi?

Studio ni chache na hoteli ni chache zaidi, hatukudanganyi. Lakini redio zinasikilizwa mno, Chake Chake, Wete na Mkoani kuna sherehe mwaka mzima, na msimu wa karafuu watu wana fedha mkononi. Andika nyimbo nyingi kwanza, halafu vuka kwenda Unguja urekodi tatu kwa safari moja badala ya moja moja. Na lahaja yako usiifiche. Kila anayeimba Kiswahili cha Dar es Salaam amefanana na mwenziwe.

Mimi ni msichana. Kuna la ziada la kuangalia?

Lipo. Kazi ya mbali usiende peke yako, nenda na bendi au ndugu, na malipo yapitie kwa kiongozi au benki, yasiwe ya kufuatwa chumbani kwa mtu. Prodyuza anayetaka kurekodi usiku wa manane tu, achana naye, studio nyengine zinafungua asubuhi. Mavazi utaulizwa wewe kuliko wanaume, si haki lakini ndivyo ilivyo, na uamuzi uufanye mwenyewe kabla ya kupanda jukwaani ukijua yaliyosemwa kwenye "Baraza linaweza kunifungia?".

Nimeitwa kuimba kwenye kampeni ya siasa. Niende?

Malipo yake huwa mazuri na jukwaa ni kubwa. Bei yake utailipa baadaye: visiwa hivi vidogo, na watu wanakumbuka ulivaa rangi gani. Ukienda, nenda kama mtu aliyeamua, na taka fedha kabla ya siku ya kupiga kura.

Jina langu la kisanii analo mtu mwengine. Nibadilishe?

Kama ana nyimbo mtandaoni na wewe huna, badilisha leo. Programu za muziki zikichanganya majina mawili, nyimbo zako zitaingia kwenye ukurasa wake na wasikilizaji wako watahesabiwa kwake. Kurekebisha kunawezekana kupitia msambazaji, lakini kunachukua wiki. Kabla ya kuchagua jipya, litafute YouTube, Boomplay na Instagram, ulitamke kwa sauti kama mtangazaji wa redio, kisha mwambie bibi yako alirudie.